Bunduki: neno lililokuwa kokwa ya mti kabla ya kuwa silaha

Mchimbamaneno (mleta mada)

Wanajukwaa, salaam. Kamusi zetu nyingi zikifika kwenye neno "bunduki" huweka alama fupi ya kuonyesha kwamba limetoka Kiarabu, kisha hupita. Alama hiyo ni ya kweli lakini haitoshi, kwa sababu Waarabu nao walilipokea neno hilo kutoka kwa wengine, na walipolipokea halikuwa na uhusiano wowote na baruti wala vita. Lilikuwa jina la kitu cha kula. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba bunduki haikupewa jina lake kwa sababu ya mtutu, wala mlio, wala mji ilikotengenezwa, bali kwa sababu ya kile kidonge cha mviringo kinachotoka ndani yake.

Mwanzo wa neno uko kwenye pwani ya kusini ya Bahari Nyeusi, eneo ambalo Wagiriki wa kale waliliita Pontos na ambalo leo ni kaskazini mwa Uturuki, kwenye miji kama Trabzon, Giresun na Ordu. Huko hustawi mti mfupi wenye kokwa ndogo za mviringo (kwa Kiingereza "hazelnut"), zenye gamba gumu la rangi ya kahawia, ambazo wengi wetu tumezionja zikiwa ndani ya chokoleti tu. Hadi leo zaidi ya nusu ya kokwa hizo zinazovunwa duniani hutoka Uturuki. Wagiriki waliziita "karyon pontikon", yaani kokwa ya Pontos, na Plinius, mwandishi wa Kirumi aliyefariki mwaka 79, aliandika waziwazi kwamba zilipewa jina hilo kwa sababu zilitoka Pontos ndipo zikaingia Asia na Ugiriki. Baadaye neno la kwanza lilidondoka, likabaki la pili peke yake.

Neno hilo liliingia katika Kiajemi cha kabla ya Uislamu kwa sura ya "pondik", kisha likahamia kwenye Kiarabu. Kwa kuwa Kiarabu hakina sauti ya p, wasemaji wake walilazimika kuchagua sauti ya jirani, na wakachagua mbili: wengine wakasema "bunduq", wengine "funduq". Waajemi wa leo husema "fandoq", Waturuki "fındık", Warusi "funduk", na kwa wote hao neno lingali jina la kokwa na si kitu kingine. Ukimwomba muuzaji wa sokoni Istanbul akupe fındık, atakupimia kwa kilo.

Hatua iliyoleta silaha ilichukuliwa na Waarabu. Kokwa hiyo ni ndogo, ngumu na ya mviringo karibu kamili, hivyo jina lake likaanza kutumika kwa kidonge chochote chenye umbo na ukubwa huo. Kulikuwa na upinde maalumu uliorusha vidonge vya udongo mkavu badala ya mishale, nao uliitwa "qaws al-bunduq", yaani upinde wa vidonge. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwinda ndege. Khalifa al-Nasir wa Baghdad, aliyetawala kuanzia mwaka 1180 hadi 1225, aliupenda mchezo huo kiasi cha kuuwekea taratibu na kuuingiza katika chama cha vijana alichokisimamia mwenyewe. Miongo michache baadaye, Misri ilitawaliwa na Sultani Baybars al-Bunduqdari, aliyeshika madaraka mwaka 1260 na kufariki mwaka 1277. Lakabu hiyo ya mwisho aliirithi kutoka kwa bwana wake wa awali, ambaye cheo chake kilikuwa "bunduqdar", mtu aliyebeba vifaa vya upinde wa vidonge vya mtawala. Sehemu "dar" ni ya Kiajemi na maana yake ni mshikaji. Ndiyo hiyohiyo tuliyo nayo katika "jemadari". Tarehe hizo ni muhimu sana, kwa sababu bunduki za mkononi zilikuwa bado hazijaenea popote. Neno lilitangulia silaha.

Ilipofika mwishoni mwa karne ya 15 na mwanzoni mwa karne ya 16, majeshi ya Misri yalianza kutumia silaha mpya za baruti zilizobebwa na mtu mmoja, na waandishi wa wakati huo walizitaja kwa maneno mawili: "bunduq" na "rasas". Rasas ni madini ya risasi. Kwa hiyo maana ya jina zima ilikuwa vidonge vya risasi, na ndilo lililoitambulisha silaha yenyewe. Tazameni sasa Kiswahili kilivyoyapanga upya maneno hayo mawili. Kwa Waarabu wa wakati huo bunduq ilikuwa kidonge na rasas ilikuwa madini. Kwetu bunduki ni chombo kizima, na risasi, iliyokuwa madini, imekuwa kidonge. Kila neno limesogea hatua moja. Maana ya zamani haikufutika, kwani vitabu vyetu vya kemia bado huyaita madini hayo risasi, na mafundi wa betri za magari huyaita hivyohivyo.

Kiarabu sanifu cha leo kimetenganisha mambo: "bunduq" ni kokwa, na "bunduqiyya" ni silaha. Kihausa kilichukua sura hiyo ndefu na kusema "bindiga". Nchini India neno likawa "banduq", na katika Ain-i-Akbari, kitabu kilichoandikwa na Abul Fazl kuhusu utawala wa mfalme Akbar, kuna maelezo marefu ya bunduki zilizotengenezwa na kukaguliwa mbele ya mfalme huyo, ikiwemo moja aliyoipenda zaidi na kuipa jina la Sangram. Askari wa Uingereza waliotumikia India walirudi kwao na neno "bundook" kama lugha ya kambini.

Huko Hispania mambo yalikwenda upande mwingine kabisa, na mimi hapo ndipo ninapofurahia zaidi. Wakati wa utawala wa Waislamu, wapishi wa Andalusi waliviita vibonge vya nyama ya kusaga kwa jina lilelile la kidonge, "al-bunduqa". Wahispania walilichukua pamoja na kiambishi chake cha mbele, na hadi leo vibonge hivyo huitwa "albóndigas" kwao na "almôndegas" kwa Wareno. Kwa hiyo neno moja linalomtisha mtu Dar es Salaam linamfungua hamu ya kula Madrid. Kokwa yenyewe Wahispania wanaiita "avellana", jina lililotokana na mji mmoja wa Italia uitwao leo Avella.

Ningependa kusikia nyongeza, hasa kutoka kwa wenye lugha za bara.

Msafiri wa Muscat

Mleta mada, umesema Waarabu wengine walitamka "funduq". Mimi nimefanya kazi Oman, na kila hoteli kule ina neno hilo mlangoni. Je, hoteli nayo ilitokana na kokwa?

Mchimbamaneno (mleta mada)

Ndugu Msafiri, hapana. Hayo ni maneno mawili yaliyokutana kwenye sauti tu. Funduq ya hoteli inatoka katika neno jingine la Kigiriki, "pandokeion", lenye maana ya mahali panapopokea watu wote. Ndilo neno lililotumika katika Injili ya Luka, kwenye habari ya Msamaria mwema aliyempeleka majeruhi kwenye nyumba ya wageni. Wayahudi walilifanya "pundak", Waarabu "funduq", na wafanyabiashara wa Italia waliokwenda Misri na Shamu wakalirudisha kwao kama "fondaco", nyumba ya kulala wafanyabiashara na kuhifadhi bidhaa zao. Jijini Venice bado yamesimama majengo mawili mashuhuri yenye jina hilo, la Wajerumani na la Waturuki. Kwa hiyo Kigiriki kiliwapa Waarabu maneno mawili kwa njia mbili, moja la kula na moja la kulala.

Kalamu Nyeusi

Kwa heshima, mleta mada amelipita jambo kubwa kwa haraka. Mji wa Venice kwa Kiarabu huitwa "al-Bunduqiyya". Silaha kwa Kiarabu ni "bunduqiyya". Maneno hayo ni sawa herufi kwa herufi. Waveneti walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa bandari ya Alexandria kwa karne nyingi, na si ajabu hata kidogo silaha kuitwa kwa jina la mji ilikotoka. Sisi wenyewe tunaita kitambaa "marekani" kwa sababu kililetwa na meli za Wamarekani. Kwa nini tuache maelezo rahisi na kushika habari za kokwa na ndege?

Mchimbamaneno (mleta mada)

Hoja yako ni nzuri na imewahi kuandikwa na watu wenye elimu, nami mfano wa marekani naukubali kabisa, maana ndivyo kitambaa kile kilivyopata jina. Hata hivyo naona inashindwa katika mambo mawili. La kwanza ni tarehe, ambazo nimezieleza hapo juu: neno bunduq kwa maana ya kidonge kinachorushwa na chombo lilikuwa na watumiaji wengi Baghdad na Cairo katika karne ya 12 na ya 13. La pili ni kwamba silaha mpya ilipofika ilielezwa kwa kidonge chake, "bunduq" pamoja na "rasas", na si kama "silaha ya Venice". Sura ya bunduqiyya ni ya baadaye, nayo imeundwa kwa utaratibu wa kawaida wa Kiarabu wa kuongeza "-iyya" kwenye jina ili kupata kitu kinachohusiana nalo. Hapa, chombo cha vidonge.

Jina la mji lina historia yake. Linatokana na jina la kale la watu wa eneo lile, Waveneti, ambalo lilipofika kwenye masikio ya Waarabu lilivutwa likalandana na neno walilokuwa nalo tayari. Watu hufanya hivyo kwa majina ya kigeni kila siku. Nikuongezee kitu upande wako lakini: sarafu ya dhahabu ya Venice, iliyoanza kupigwa mwaka 1284, kweli iliitwa "bunduqi" na Waarabu kwa sababu ya mji huo. Waturuki nao katika karne ya 18 walikuwa na sarafu ya dhahabu waliyoiita kwa jina la "fındık". Ukitafuta urithi wa Venice katika neno hili, utafute kwenye mikoba ya fedha.

Kalamu Nyeusi

Kuhusu tarehe nimekuelewa. Bado nadhani kufanana kwa majina hayo mawili kuliwasaidia watu kulishika neno, hata kama hakukulizaa.

Mnazi Mkinda

Naomba kuleta suala la irabu ya mwisho, ambalo linaweza kutueleza kidogo njia ambayo neno lilipitia kufika kwetu.

Kiswahili kikipokea neno la Kiarabu linaloishia na konsonanti huongeza irabu, na irabu hiyo haichaguliwi ovyo. Baada ya sauti za midomo mara nyingi huwa u: adabu, Rajabu, Yusufu, hukumu. Baada ya sauti za ncha ya ulimi huwa i, hata kama irabu iliyotangulia ni u: sabuni, zaituni, kaburi, baruti. Sauti ya k ndiyo yenye kigeugeu. Tunasema haki, riziki, dhiki na Sadiki, lakini "sunduq" limekuwa sanduku. Tazameni basi: sunduq na bunduq ni maneno yanayokwenda vina kabisa. Kama tungelipokea bunduq kama lilivyo, ningetarajia leo tuseme "bunduku".

Mtu atasema basi tulipokea sura ndefu, bunduqiyya. Nayo ina tatizo. Maneno ya Kiarabu yanayoishia na "-iyya" yakiingia kwetu hubaki na "-ia": nia, raia, wasia, dhuria, kadhia. Tungepata "bundukia". Kihausa kililipokea kwa mkia wake, ndiyo maana bindiga inaishia na a.

Kwa hiyo sura inayotufaa zaidi ni "bunduqi", yaani kitu cha bunduq, ambayo haihitaji kuongezwa wala kupunguzwa chochote. Sisemi kwamba kanuni za irabu ni sheria isiyovunjika, kwa sababu lugha ina watoto wakaidi, lakini sanduku na bunduki kukaa pamoja katika kamusi moja si jambo la kupita bila kuuliza.

Kuna jambo la pili, na hili lina uzito kuliko la kwanza. Ndugu Msafiri wa Muscat atanithibitishia kwamba Oman na sehemu kubwa ya Ghuba neno la kienyeji la bunduki si bunduq, husema "tufaq". Neno hilo ni ndugu wa "tüfek" la Kituruki na "tofang" la Kiajemi, na asili yake ni mrija wa kupulizia vidonge vya kupigia ndege wadogo. Waturuki, kwa maneno mengine, waliipa silaha jina la bomba lake, wakati Waarabu wa Misri waliipa jina la kidonge chake. Sasa, Waomani waliichukua Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698, na katika karne ya 19 Sayyid Said akahamishia makao yake Zanzibar. Kama silaha hii ingepata jina lake pwani kwa sababu ya utawala wao, leo tungesema "tufaki". Hatusemi. Kwa hiyo mlango wa neno letu lazima utafutwe kwingine: ama Yemen na Hadhramaut, ambako husema bunduq na ambako masharifu na wafanyabiashara wengi wa pwani yetu walitoka, ama Bara Hindi, ambako ni banduq. Mimi naelekea Hadhramaut, kwa sababu irabu yetu ya kwanza ni u na ya Wahindi ni a.

Msafiri wa Muscat

Nathibitisha. Wazee wa huko kwenye arusi wakishika bunduki zao za mapambo husema tufaq. Bunduqiyya utaisikia kwenye taarifa ya habari.

Gobore Kuukuu

Watu wa pwani walipokuwa wamekwisha kulipokea neno, walilifanyia kazi kubwa ambayo vijana wa leo hawaijui, kwa sababu kila kilichokuja na meli kilihitaji kutofautishwa. Bunduki ya mrao ilikuwa ile iliyowashwa kwa utambi. Mrao ndio utambi wenyewe. Ikafuata bunduki ya gumegume, yenye jiwe linalotoa cheche likigongwa na chuma. Ikaja bunduki ya fataki, iliyotumia kifuniko kidogo chenye dawa ya kulipuka. Mwishoni zikaja bunduki za viasi, ambazo kiasi chake kilikuwa tayari kimefungwa baruti na risasi pamoja na kuingizwa kwa nyuma. Aliyekuwa na gobore alilazimika kushindilia kwa mdeki, ambao ni ule ufito wa chuma unaokaa chini ya mtutu. Mtu anayeyajua majina hayo kwa mpangilio anakuwa ameijua historia ya silaha hiyo kwa karne tatu bila kufungua kitabu cha Kizungu.

Nimeona pia kwamba Kiswahili kilipotaka jina la silaha kubwa zaidi hakikuazima kitu. Kilichukua mzinga, gogo lililochongwa ndani kwa ajili ya nyuki. Kwa hiyo tuna zote mbili katika lugha moja: bunduki iliyopewa jina la kinachotoka, na mzinga uliopewa jina la umbo la kinachotoa. Anayetembelea ngome za pwani aitazame mizinga iliyobaki pale, ataona kwamba aliyebuni jina hilo hakuhitaji kufikiri sana.

Kete Sitini na Nne

Mimi ni mchezaji wa bao, si mtaalamu wa lugha, lakini nina kitu ambacho naona kinawahusu. Kete zetu za asili, zote 64, ni komwe, mbegu za kijivu za mti wa mkomwe, ambao ni mmea wenye miiba mingi unaoota karibu na fukwe. Mbegu zake ni ngumu, zina gamba linalong'aa, na huelea baharini kwa muda mrefu bila kuoza, ndiyo maana mmea huo umeenea kwenye fukwe za nchi nyingi za joto. Nilipotafuta jina lake la kisayansi nilikuta ni "bonduc". Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliuandika kama Guilandina bonduc mwaka 1753, na baadaye ukawekwa katika jenasi ya Caesalpinia. Je, neno hilo la pili lina undugu na bunduki?

Mchimbamaneno (mleta mada)

Lina undugu wa damu, na nakushukuru sana, kwa sababu mimi ningelisahau. Matabibu wa Kiarabu waliifahamu mbegu hiyo kama dawa, na kwa kuwa ni ya mviringo na ngumu wakaiita "bunduq hindi", yaani bunduq ya India. Wataalamu wa mimea wa Ulaya walilichukua jina hilo na kulikata, likabaki bonduc. Hivyo mchezaji wa bao anapochota kete kutoka kwenye nyumba yake na kuzitawanya, mkononi mwake ana mbegu ambayo kwa wataalamu wa mimea ina jina moja na silaha iliyo begani mwa askari. Na hapa tunapata ushahidi mwingine dhidi ya hoja ya Venice: mkomwe hauna uhusiano wowote na mji huo, lakini una kila uhusiano na umbo la kidonge.

Mbaharia Mstaafu

Nimesafiri na mabaharia wa Ufilipino. Wao mlima huuita "bundok". Hilo nalo limo katika ukoo huu?

Mchimbamaneno (mleta mada)

Halimo. Bundok ni neno la Kitagalogi la asili, na askari wa Marekani waliokuwa Ufilipino walilichukua wakalifanya "boondocks", wakimaanisha mahali pa mbali porini. Anayefanana zaidi kwa sauti mara nyingi si ndugu. Ndugu wa kweli wa bunduki nchini Ufilipino yuko jikoni: wana supu ya vibonge vya nyama wanayoiita "almondigas", ambayo waliachiwa na Wahispania.

Mwana wa Lualaba

Nawasalimu kutoka upande wa Kongo. Mleta mada aliomba lugha za bara, nami nitaeleza kilicholipata neno hili lilipoingia huku.

Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilifika Manyema katika karne ya 19, ikajenga Nyangwe na Kasongo kuwa miji, kisha ikateremka na mto. Kiongozi wake mashuhuri kuliko wote, Hamed bin Muhammed el Murjebi, anajulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, na mwenyewe katika habari za maisha yake alizozieleza kwa Kiswahili alilihusisha jina hilo na mlio wa bunduki zake. Haishangazi kwamba lugha za mto zilipokea maneno ya silaha kutoka kwa misafara hiyo.

Kwa Kilingala bunduki ni "mondoki", na wingi wake ni "mindoki". Lugha za Kibantu zikipokea neno hutazama silabi ya kwanza na kuuliza kama inafaa kuwa kiambishi cha ngeli. Silabi "bu" ilionekana kama kiambishi, hivyo ikabanduliwa na kuwekwa "mo" ya umoja na "mi" ya wingi. Ni jambo lilelile ambalo Kiswahili kilifanya kwa "kitab" la Kiarabu, hadi tukapata vitabu. Wapo wanaosikia mondoki na kufikiri kwamba linatokana na "ndoki", ambalo kwa Kilingala ni mchawi. Hilo si kweli. Ndoki ni neno la Kibantu la zamani, ndugu wa "kuloga" na "mlozi" vya Kiswahili, na lilikuwepo huku kabla ya bunduki ya kwanza kufika.

Ushahidi mkubwa zaidi ni kwamba neno halikuja peke yake. Risasi kwa Kilingala ni "lisasi", wingi "masasi", na sisi tunaozungumza Kiswahili cha Kongo pia tunasema masasi. Silabi "ri" ilifanywa "li" na kuhesabiwa kuwa kiambishi cha ngeli, kikapewa mwenzake wa wingi "ma". Waganda wamefanya hivyohivyo: "essasi" na "amasasi". Wanyarwanda wana "isasu" na "amasasu". Mzizi uliobaki kwetu sote ni "-sas-", na mtu asiyejua njia iliyopitiwa anaweza kuapa kwamba ni neno la Kibantu tangu enzi za mababu.

Mnazi Mkinda

Na bunduki yenyewe katika lugha hizo mbili za mwisho?

Mwana wa Lualaba

Kiganda ni "emmundu" na Kinyarwanda ni "imbunda". Sauti zinakaribiana na bunduki, ila "-ki" haipo katika zote mbili na irabu za mwisho hazilingani, kwa hiyo mimi siwezi kuziweka katika kundi moja na mondoki kwa kufanana tu. Masasi yana ushahidi wa kutosha kwa sababu sauti, maana na badiliko la ngeli vyote vinakwenda pamoja. Kwa emmundu na imbunda inabidi kwanza aje mtu aeleze "-ki" ilidondokea wapi.

Mchimbamaneno (mleta mada)

Hiyo ndiyo njia sahihi ya kufanya kazi hii. Nitaongeza la Wasomali kabla ya wengine kuingia: wanalo "bunduq", lakini katika mazungumzo ya kawaida wengi hutumia "qori", neno ambalo maana yake ya msingi ni kijiti au ubao, bila shaka kwa sababu ya kitako cha mti. Kwa hiyo hadi sasa tuna watu walioiita silaha hii kwa kidonge chake, kwa mrija wake na kwa mbao yake. Kama yupo hapa msemaji wa Kingazija au Kinzuani, lugha za visiwa vya Komoro, alete neno la kwao pamoja na irabu yake ya mwisho, maana ndiyo itakayotusaidia kwenye hoja ya Mnazi Mkinda kuhusu Hadhramaut.